Je, Mstari Mmoja wa Atomu Unaweza Kuwa Sumaku?

Miongoni mwa barua nilizopata juma hili imo moja iliyoandikwa kwa penseli, kwenye karatasi iliyochanwa kutoka katika daftari la mazoezi. Mwandishi wake ni kijana wa kidato cha tatu. Anasema, nami nafupisha, kwamba wamefundishwa kuwa ukiikata sumaku vipande viwili, kila kipande kinakuwa sumaku kamili, chenye ncha ya kaskazini na ncha ya kusini. Ukikata tena, hali ni ile ile. Sasa anauliza: nikiendelea kuipunguza mpaka ubaki mstari mmoja tu wa atomu, moja nyuma ya nyingine, je, huo nao utakuwa sumaku? Mwisho wa barua anaongeza kwamba alimwuliza mwalimu wake, naye akamjibu kuwa hilo halimo kwenye mtihani.

Mwalimu simlaumu sana. Huenda ana darasa lililojaa na mtaala usiokwisha. Lakini nisingependa kijana huyu alale akidhani kwamba ameuliza upuuzi. Swali lake liliwahi kutolewa katika chuo kikuu kimoja cha Ujerumani, likapata jibu, jibu likapingwa, kisha likarudi kwa sura nyingine. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya miaka 80. Kwa hiyo leo nitamjibu yeye, nanyi wengine naomba mnisikilize kwa pamoja.

Kwanza tuelewane sumaku ni nini. Ndani ya kila atomu mna elektroni, na kila elektroni ni sumaku ndogo mno. Katika vitu vingi elektroni hujipanga mbili mbili, moja ikielekea juu na mwenzake chini, zikafutana. Ndiyo maana kijiko cha mbao hakivutwi na sumaku. Lakini atomu za baadhi ya metali, kama chuma, kobalti, nikeli, manganizi na shaba, zinaweza kubaki na elektroni zisizo na mwenza. Atomu ya namna hiyo ni sumaku ndogo. Na zikijipanga atomu nyingi zikaelekea upande mmoja, mnapata ile sumaku inayokaa mezani na kushika misumari.

Redioni sina ubao wa kuchorea, basi tutumie gwaride. Fikirini wanafunzi wamepangwa uwanjani, na kila mmoja amepewa amri moja tu: tazama upande anaotazama jirani yako. Wakitazama wote kaskazini, hakuna ugomvi. Hiyo ndiyo sumaku. Sasa leteni joto. Joto ni mtikisiko wa daima ndani ya vitu vyote, nao kazi yake ni kama ya mwanafunzi mtukutu: humgeuza huyu, humsukuma yule. Joto likizidi, gwaride linavunjika. Hata chuma, ukikipasha mpaka nyuzi 770 za Selsiasi, kinapoteza usumaku wake.

Swali la kijana wetu basi ni hili: gwaride likiwa ni mstari mmoja tu, wanafunzi wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, nani atashinda, amri au utukutu?

Mwaka 1920 mwalimu mmoja wa fizikia, Wilhelm Lenz, alipendekeza njia rahisi ya kuifikiria sumaku, inayofanana sana na gwaride letu. Baadaye, akiwa Hamburg, alimpa tatizo hilo mwanafunzi wake Ernst Ising, kijana aliyezaliwa mwaka 1900 katika mji wa Cologne. Ising akaanza na mstari mmoja, kwa sababu ndio alioweza kuukokotoa mpaka mwisho. Alimaliza mwaka 1924, na makala yake ikachapishwa mwaka 1925. Jibu lake lilikuwa fupi: hapana. Mstari mmoja hauwezi kuwa sumaku ya kudumu, hata uwe wa baridi kiasi gani, ila pale tu penye sifuri halisi, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri, ambapo mtikisiko wote wa joto unakoma.

Kwa nini? Turudi uwanjani. Tuseme wanafunzi 1,000 wako kwenye mstari, wote wanatazama kaskazini. Mtukutu anawageuza 500 wa nyuma watazame kusini. Je, ugomvi ni wa watu wangapi? Ni wa jozi moja tu. Yule wa 500 na yule wa 501 ndio wanaopingana. Wengine wote wanatazama sawa na jirani zao na hawana habari. Kwa hiyo gharama ya kuwageuza watu 500 ni sawa na gharama ya kumgeuza mmoja wa mwisho. Tena mahali pa kuvunjia mstari huo pako 999. Mstari ukiwa wa watu milioni moja, gharama ni ile ile, lakini mahali pa kuvunjia pamekaribia milioni. Mvunjaji mwenye nafasi milioni hakosi moja.

Sasa wapangeni wanafunzi hao hao katika mraba, safu kwa safu, kila mmoja akiwa na jirani mbele, nyuma, kulia na kushoto. Mtukutu akitaka kugeuza kundi la watu 10 kwa 10 katikati ya uwanja, pembezoni mwa kundi hilo kutakuwa na jozi 40 zinazopingana. Akitaka kundi kubwa zaidi, ugomvi nao unakuwa mkubwa zaidi. Hapo amri ina nguvu ya kushinda, mradi joto lisizidi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Atomu kwenye mstari ina jirani wawili tu. Kwenye pande la chuma ina jirani pande zote.

Hapa ndipo Ising alipokosea. Baada ya kuupata mstari sawasawa, alidhani kwamba hata katika pande zima jibu lingekuwa lile lile. Mwaka 1936 Rudolf Peierls akaonyesha kwamba katika mraba gwaride linaweza kusimama, na mwaka 1944 Lars Onsager akalikokotoa jambo hilo kwa ukamilifu.

Lakini wakati huo Ising mwenyewe hakuwa na nafasi ya kufuatilia mjadala wa sumaku. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1933, Wanazi waliposhika madaraka, alifukuzwa kazi. Akafundisha katika shule ya watoto wa Kiyahudi huko Caputh, karibu na Potsdam, mpaka shule hiyo iliposhambuliwa na kuharibiwa mwezi Novemba 1938. Akakimbilia Luxembourg mwaka 1939, vita vikamkuta huko, akalazimishwa kufanya kazi ya kung'oa reli. Mwaka 1947 alifika Marekani, akawa mwalimu wa fizikia katika mji wa Peoria. Inasimuliwa kwamba ilikuwa karibu mwaka 1949 ndipo alipogundua, kwa kusoma maandishi ya wengine, kuwa hesabu yake ya ujanani imekuwa maarufu na inaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1998.

Nawaambieni habari hizi kwa sababu moja. Jibu la Ising lilikuwa "hapana", na nusu ya alichokisia ilikuwa kosa. Hata hivyo wanasayansi wa dunia nzima wanaitumia hesabu yake mpaka leo. Swali zuri halifi kwa sababu jibu lake la kwanza lilikuwa dogo.

Haya, hesabu ni hesabu. Je, mstari wa atomu upo kweli duniani, au ni wa kwenye karatasi tu? Upo, na baadhi yenu mmeushika mikononi.

Wakulima wa kahawa wanaujua mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba inayotumika katika dawa za ukungu. Wanafunzi wanauona maabara: ukiupasha moto unageuka mweupe, ukiutia maji unarudi buluu. Rangi hiyo inatokana na jinsi atomu ya shaba ilivyoshikwa. Kila shaba imezungukwa na molekuli nne za maji, na chembe za salfeti zimekaa kati ya shaba na shaba kama pete za mnyororo. Wanakemia wana jamii kubwa ya kampaundi za namna hii, ambamo metali iko katikati na molekuli nyingine zimeishika pande zote. Chuma kilichomo katika damu yetu kimeshikwa hivyo hivyo. Na pale molekuli moja inaposhika metali mbili, mkono huu huku na mkono huu kule, mnyororo unajijenga wenyewe ndani ya fuwele: metali, kiungo, metali, kiungo, mpaka mwisho.

Viungo hivyo havishiki tu, bali pia hupeleka habari. Kupitia kwao elektroni ya atomu moja inajua jirani yake ameelekea wapi. Katika minyororo mingi amri ni kinyume cha ile ya gwaride letu. Kila mmoja hutaka kutazama kinyume na jirani yake: kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Ndivyo ilivyo katika mrututu. Nusu ya shaba zake, zikiwa katika baridi kali sana, hufanya minyororo ya namna hiyo.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo walivyofanya mjini Grenoble, Ufaransa. Walichukua fuwele za mrututu ambazo hidrojeni yake ilibadilishwa ikawekwa hidrojeni nzito, wakazipoza mpaka karibu kabisa na sifuri halisi, kisha wakazipiga kwa nyutroni. Nyutroni ikimgeuza mmoja katika mstari ule wa kaskazini-kusini, kunatokea mahali pawili ambapo majirani wanatazama upande mmoja, kinyume cha amri. Mahali hapo pawili hapakai pamoja. Panaachana, kimoja kinakwenda mbele, kingine nyuma, kila kimoja kikibeba nusu ya tukio. Hans Bethe alikuwa amekokotoa hali ya mnyororo wa aina hii tangu mwaka 1931. Hesabu zilizojengwa juu ya msingi wake zilikubaliana vizuri na vipimo vya Grenoble, zaidi ya miaka 80 baadaye. Na kitu kilichowashuhudia ni jamaa wa ile chumvi ya buluu ya maabara. Tafadhali msiionje, ni sumu.

Lakini mnyororo wa kaskazini-kusini una kasoro kwa mtu anayetafuta sumaku: wote wakipingana kwa nguvu sawa, jumla ni sifuri. Mkemia Mfaransa Olivier Kahn na wenzake walikuwa na dawa ya jambo hilo. Acha majirani wapingane, lakini wasiwe na nguvu sawa. Weka manganizi yenye elektroni 5 zisizo na mwenza, halafu shaba yenye 1, halafu manganizi, halafu shaba. Ni kama baba na mtoto wanaovutana kamba. Kila mmoja anavuta upande wake, lakini kamba inakwenda kwa baba. Tano toa moja, zinabaki nne kwa kila jozi. Mwaka 1988 walitangaza kampaundi ya minyororo kama hiyo iliyokuwa sumaku halisi chini ya nyuzi kama 4.6 juu ya sifuri halisi.

Msikilizaji makini ataniuliza: mbona Ising alisema haiwezekani? Hakukosea. Katika fuwele ile minyororo imelala karibu karibu kama kuni katika mzigo, na kila mmoja unamsikia kidogo jirani yake. Usumaku wa kudumu ulitokana na ujirani huo wa mnyororo na mnyororo. Mstari umekuwa pande. Sheria ya Ising imebaki pale pale.

Basi je, mnyororo ulio peke yake kabisa hauna lolote? Hapa ndipo swali lilipogeuka tena. Mwaka 1963 Mmarekani Roy Glauber, ambaye mwaka 2005 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi nyingine kuhusu mwanga, aliuliza jambo ambalo Ising hakuliuliza. Ising aliuliza kama gwaride litavunjika. Glauber akauliza litachukua muda gani kuvunjika.

Fikirini tena mstari wetu wa amri ya kwanza, wote wanatazama kaskazini. Ili ugeuke, ni lazima mmoja wa katikati aanze kugeuka, na huyo atapingana na wawili kwa mpigo, wa mbele yake na wa nyuma yake. Akishageuka, kazi imekwisha, maana mpaka wa ugomvi hutembea bila gharama zaidi. Lakini yule wa kwanza ni mgumu kumpata. Kadiri baridi inavyoongezeka, kumsubiri kunarefuka kwa kasi ya ajabu: sekunde zinakuwa saa, saa zinakuwa miezi. Na kama kila atomu ni kaidi kwa tabia yake, yaani inakubali kuelekea huku au kule tu na haikubali kusimama mshazari, kungoja kunakuwa kurefu zaidi. Kobalti ina ukaidi wa aina hiyo.

Mwaka 2001 kundi la wanakemia la Florence, Italia, likiwa na Andrea Caneschi na Dante Gatteschi, lilitangaza mnyororo wa kobalti ambao viungo vyake navyo vina elektroni isiyo na mwenza. Minyororo yake imetengwa vizuri, haisikilizani. Walipoupoza mpaka nyuzi chache juu ya sifuri halisi, wakauelekeza kwa sumaku kubwa kisha wakaiondoa hiyo sumaku, mnyororo ukaendelea kukumbuka ulikoelekezwa. Mwaka uliofuata Rodolphe Clérac, Hitoshi Miyasaka, Claude Coulon na wenzao, wa Ufaransa na Japani, walieleza mnyororo mwingine, manganizi mbili kwa nikeli moja, wenye tabia hiyo hiyo. Ndipo jina la sumaku ya mnyororo mmoja likaanza kutumika.

Jambo moja zaidi. Wale wa Florence walijaribu pia kuchomeka hapa na pale atomu za zinki, ambazo hazina usumaku. Zinki inaukata mnyororo vipande. Wakaona kwamba minyororo iliyokatwa husahau mapema zaidi. Nanyi sasa mnaweza kueleza sababu wenyewe: mtu wa mwisho wa mstari ana jirani mmoja tu, kwa hiyo kumgeuza ni nusu ya gharama. Uasi huanzia pembeni.

Kuna faida gani? Kumbukumbu nyingi, kuanzia kanda za sauti za redio mpaka diski ngumu za kompyuta, huandikwa kwa sumaku ndogo zinazoelekea huku au kule. Kila moja ya hizo bado ina atomu nyingi mno. Sumaku ya mnyororo mmoja inatoa matumaini ya kuandika habari kwenye uzi mwembamba wa atomu moja moja. Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Ile minyororo ya kwanza inafanya kazi katika baridi ya heliamu iliyoyeyuka, karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Hakuna anayeuza diski ya namna hiyo dukani. Ukiitoa kwenye baridi ukaileta katika joto la jiji letu, inasahau kila kitu kabla hujafumba jicho.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu lako ni hili. Mstari mmoja wa atomu hauwezi kuwa sumaku ya milele, kwa sababu pengo moja linatosha kuugawa, na mahali pa kupata pengo hapakosekani. Ukiendelea kukata sumaku yako, kuna mahali ambapo ile sheria ya darasani inakoma. Lakini mstari huo unaweza kuwa na kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo inaweza kuwa ndefu sana, mradi uwe katika baridi, atomu zake ziwe kaidi, na usiwe umekatwakatwa.

Ni kweli, hilo halimo kwenye mtihani. Wala halikuwamo kwenye mtihani wowote mwaka ule Lenz alipompa Ising kazi ya kukokotoa. Tofauti ni kwamba Lenz alilipokea swali akamkabidhi mwanafunzi, badala ya kulifunika. Mpelekee mwalimu wako gazeti litakalochapisha mazungumzo haya. Mpe kwa adabu, mshike shikamoo kwanza, halafu mwombe mrututu kidogo wa maabara mwuangalie pamoja kwenye mwanga wa dirisha. Mwambie hapo ndani kuna minyororo.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tutaonana juma lijalo.